Maumivu ya Kuazima

Maumivu yalipoingia, Tusekile alijua kwamba yana mwenyewe, na mwenyewe si mgonjwa aliyeandikwa kwenye faili.

Yalianza polepole, na hilo ndilo lililomtia shaka. Kwanza kimulimuli kilitokea pembeni mwa jicho la kushoto, kijistari cha mwanga kilichokunjamana kama meno ya msumeno. Kikatambaa. Kisha upande mmoja wa kichwa ukaanza kudunda, ukizidi kidogo kidogo, mpaka tumbo likamchafuka. Yalikuwa makali, hakuna ubishi. Lakini faili lilieleza kitu kingine kabisa: mzee amesimama uani kwake, mzima wa afya, na kufumba na kufumbua kichwa kinampasuka kama aliyepigwa nyundo, jasho linamtoka, anaanguka. Kichwa cha namna hiyo hakimpi mtu nafasi ya kuona vimulimuli.

Jambo la pili lilikuwa baya zaidi. Chini ya maumivu, puani, kulikuwa na ugoro. Wala si harufu ya mtu aliyepita karibu na mvutaji. Ulikuwa ugoro wenyewe, umebanwa kwa vidole viwili na kuvutwa kwa raha ya mtu aliyeuzoea.

“Ni kushoto,” alisema kwa sauti, kwa kuwa mtambo ulikuwa unamsikiliza. “Yanadunda. Kichefuchefu. Mwanga unaniumiza.”

Alipovua kofia ya kuonjea, jibu lilikuwa limeshatoka ukutani kwa ile sauti tamu ya kike isiyochoka: kipandauso, uhakika mkubwa, dawa imeagizwa. Mtambo haukuwa na habari ya ugoro kwa sababu Tusekile hakuutaja. Ugoro ulikuwa machicha, na machicha hayatajwi.

Alibaki kitini akisubiri kitu kingine kipite. Ndani, nyuma ya sikio la kulia, kulikuwa na mchomo kama wa sindano ya kushonea, unaokuja na kuondoka. Huo haukuwa wa mgonjwa yeyote. Ulikuwa wake tangu masika, na hakuwa amemwambia mtu, hata mumewe. Mwonjaji mwenye kichwa kibovu hupumzishwa siku hiyohiyo, na Tusekile aliipenda kazi yake kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

*

Mitambo ya picha ilipofika kwenye ile hospitali ya nyanda za juu, watu walidhani habari ya kichwa cha ghafla imekwisha. Mshipa uliovimba ukapasuka na kumwaga damu juu ya ubongo, mtambo unauona. Damu iliyoganda kwenye mshipa mkubwa unaotoa damu kichwani, unaiona. Mshipa wa shingo uliochanika kwa ndani, unauona vilevile. Lakini walibaki watu ambao picha zao zilikuwa safi, na maji ya uti wa mgongo safi, na bado kichwa kiliwaangusha chini. Baadhi yao walirudishwa nyumbani wakafa. Ukiwauliza kinaumaje, walisema kinauma sana, basi.

Ndipo akatafutwa mtu wa kukionja. Mgonjwa anavaa kinasa chumba hiki, mwonjaji anavaa kofia chumba cha pili, na alama ambayo pigo la mwisho limeiacha kichwani mwa mmoja inafufuka kichwani mwa mwingine. Kila ugonjwa una mwendo wake. Tusekile alikuwa ameshaonja vichwa vya kutosha kuitambua mingi kabla mgonjwa hajamaliza kujiweka sawa kitini.

Kitu ambacho wagonjwa hawakuambiwa ni machicha. Tui lisilochujwa vizuri huja na machicha ndani yake, na maumivu ni hivyohivyo: yanakuja na harufu ya mahali, na sauti iliyokuwa ikisikika, na kile alichokuwa anakifanya mtu mwili wake ulipomgeuka. Waonjaji walitia saini kwamba hawatalitaja hilo nje ya chumba chao. Hospitali iliogopa kwamba watu wakijua, hakuna atakayekubali kuvaa kinasa.

Sheria ilikataza pia kuonja ndugu. Lakini waonjaji walikuwa watatu tu. Mmoja alikuwa amejifungua, na mwingine, Gwamaka, alipumzishwa mwanzoni mwa mwaka kwa sababu ambazo hakuna aliyezieleza. Alibaki Tusekile peke yake. Na mgonjwa alikuwa Mzee Mwansasu, baba wa mumewe, mwenye jina ambalo Tusekile hajawahi kulitamka.

Kwa watu wao, mkamwana na baba mkwe hawatazamani. Hawakai chumba kimoja, hawasemeshani ila kwa kinywa cha mtu wa tatu. Wakikutana njiani, mwanamke hujitenga pembeni na kugeuza uso. Vijana waliokwenda mijini wakarudi na akili za mijini walilicheka jambo hilo, lakini Tusekile hakuona cha kuchekwa. Ilikuwa heshima, na mzee aliitunza kuliko mtu yeyote. Tangu mama mkwe alipofariki na wao kuhamia kwenye boma la mzee, waliishi uwanja mmoja bila kuonana. Jiko la Tusekile lilisimama katikati ya mlango wa mzee na uani. Yeye akisikia kikohozi cha mzee, anajificha jikoni. Mzee akimsikia jikoni akiimba, anabaki ndani kwake.

Mzee huyohuyo alikuwa mzee wa kanisa ambaye kila mwaka alisimama mbele ya waumini na kuulaani ugoro kwa jina.

Kwa hiyo, ama baba mkwe wake alikuwa mnafiki wa kupindukia, ama kuna mtu alikula njama. Machale yalimcheza Tusekile kwamba ni hilo la pili. Tena alihisi anamjua aliyeshiriki.

*

Alimkuta mumewe, Ambokile, kwenye kibanda cha chai nje ya geti, ukungu ukiwa umetanda mpaka kwenye vikombe. Alipomwona tu mkewe anakuja na hatua zile, Ambokile akaanza kukoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

“Baba Lugano, nani alikaa kwenye kiti cha kinasa asubuhi?”

“Si mzee, nani mwingine?”

“Nakuuliza kwa mara ya pili.”

Ambokile alitazama huku na huku kama mwizi wa kuku. “Mama Lugano, usipandishe sauti. Mzee alikataa kabisa. Alisema, ‘Miaka yote hii nimemwepuka yule mama njiani, leo nimwingize kichwani mwangu?’ Tungefanyaje? Nikamwambia haoni kitu, ni maumivu tu. Hakuniamini.”

“Ndiyo mkamkalisha Mzee Mwaijande.”

“Umejuaje?”

Mzee Mwaijande alikuwa rafiki wa baba mkwe tangu utoto, mzee mchangamfu mwenye kikopo cha ugoro mfuko wa kushoto, na kichwa chake kilijulikana mtaa mzima kwa jinsi kinavyomlaza chumba cha giza.

“Naye kichwa kinamuua,” Ambokile alijitetea. “Tukasema kichwa ni kichwa. Maumivu ni maumivu. Tukambadilishia mkanda wa mkononi, tukamfunika taulo usoni kana kwamba mwanga unamuumiza, na kweli unamuumiza. Tulitaka mzee apate dawa bila kuvunjiwa heshima. Kosa liko wapi?”

“Kosa ni kwamba dawa anayoletewa ni ya mtu mwingine!”

Mwenye kibanda aligeuka kuwatazama. Ambokile akaacha kukoroga. Hasira zilimpanda Tusekile, na chini ya hasira kulikuwa na woga, kwa sababu alikijua kidonge cha kipandauso. Ni kidonge cha kutuliza mapigo ya moyo. Kwa mtu kama Mzee Mwaijande ni rafiki. Lakini miongoni mwa yale magonjwa machache yanayopasua kichwa na kuacha picha safi, upo mmoja ambao kidonge hicho kinaziba njia ambazo damu hupumulia, presha inapaa, na mgonjwa anakufa mikononi mwa waliomtibu. Na kwenye faili madaktari walikuwa wameandika kwamba mzee alifika na presha ya kutisha, ikashuka yenyewe. Waliandika ni kwa sababu ya maumivu.

*

Dkt. Kapufi, msimamizi wa waonjaji, alikuwa mtu mfupi, mwepesi wa maneno, mwenye tabia ya kukuitikia kabla hujamaliza kusema.

“Ndiyo, ndiyo. Kipandauso. Umefanya kazi nzuri.”

“Si kichwa chake, daktari. Walibadilishana.”

“Nani kakwambia?”

Hapo Tusekile alipiga moyo konde. Kumtaja mumewe kungemfungulia kesi. “Machicha,” alisema.

Daktari aliinuka akafunga mlango, polepole mno kwa mtu mwenye haraka zake. Aliporudi kukaa, sauti yake ilikuwa imeshuka. “Nani mwingine amekusikia ukilitaja neno hilo leo?”

“Hakuna. Simamisha dawa kwanza.”

“Toroli la dawa nikilisimamisha lazima niandike sababu. Niandike nini? Ugoro? Karatasi hiyo itasomwa makao makuu, kisha itasomwa na mwanasheria wa mtu, na kesho kutwa hakuna mgonjwa atakayekubali kinasa. Fikiria wote tuliowaokoa kwa kiti chako.”

Aliyasema yale kwa uchungu wa kweli, na Tusekile aliona kwamba anayaamini. Hilo lilimtisha kuliko kama angekuwa mwongo.

Daktari alivuta droo, akatoa kofia ya sufu ya kijivu, moja ya zile zinazogawiwa wodini kwa sababu ya baridi. Aliibonyeza kwa kidole gumba. Ndani ya sufu kulikuwa na kitu kigumu, chembamba.

“Kinasa,” alisema. “Hiki hakihitaji waya. Mzee anapenda kulala kabla ya chakula cha mchana. Mvalishe, nenda chumbani kwako, onja. Ukipata kingine tofauti, mtambo wenyewe utabadilisha dawa, na hakuna atakayeuliza kitu.”

“Bila yeye kujua?”

“Bila yeye kufa.”

Tusekile aliitazama kofia. Haikuwa mpya. Ilikuwa imefuliwa mara nyingi, pindo lake limelegea kwa kuvaliwa na vichwa vingi. “Hii imeshatumika mara ngapi?”

Dkt. Kapufi alianza kupanga kalamu zake. “Toroli linatoka duka la dawa wakati wa chakula,” alisema. “Baba mkwe wako ana muda huo tu. Unataka tuutumie kwa maswali?”

Tusekile alitoka na kofia kwapani. Na wasimulizi wapenda sifa wangesema hakusita, lakini alisita sana. Njia nzima ya kuelekea wodi ya wanaume alikuwa ameshaamua kumvalisha. Mzee hangejua. Mzee angeishi. Lugano angeendelea kuwa na babu. Nani angedhurika? Alilizungusha swali hilo, na kila alipolizungusha alirudi mahali palepale: kwamba mtu alikwisha kusema hapana, kwa njia pekee aliyoijua, na kwamba kumbe alikuwa na haki ya kushuku. Walimwambia ni maumivu tu. Walimdanganya.

*

Kitanda cha mzee kilikuwa cha mwisho, kimezungushiwa pazia la kijani. Kutoka ndani zilisikika sauti za wazee wawili wakicheka chini chini.

“Kichwa changu kimefaulu mtihani,” Mzee Mwaijande alikuwa akijisifu. “Shuleni sikufaulu hata mmoja.”

Tusekile alisimama nje ya pazia, akageuza uso ukutani kama inavyompasa. “Hodi.”

Kicheko kikakatika.

“Baba Mwaijande, ni mimi, Mama Lugano. Nina maneno ya mzee. Nifikishie.”

“Mwe!” Kiti kilikwaruza sakafu. “Sema, mwanangu.”

“Mwambie mzee kwamba kichwa nilichoonja asubuhi ni cha mvuta ugoro.”

Kisha Mwaijande, kwa utii wa kusikitisha: “Anasema kwamba…”

“Nimesikia,” ilisema sauti nyingine. Tusekile hakuwahi kuisikia kwa karibu namna ile. Ilikuwa nyembamba kuliko alivyodhani.

“Mwambie dawa inayokuja ni ya kwako wewe, Baba Mwaijande. Wewe itakutuliza. Yeye inaweza kumuua.”

Mwaijande hakufikisha hayo.

“Na mwambie mzee alidanganywa. Aliambiwa mwonjaji anapata maumivu tu. Si kweli. Yanakuja na vitu vingine, mahali mtu alipokuwa, alichokuwa anakisikia, alichokuwa anakifanya. Mimi nilitia saini nisiseme. Sasa nimesema.”

Alitarajia hasira. Ilikuja pumzi ndefu.

“Nilijua,” mzee alimwambia rafiki yake. “Nilikwambia, Mwaijande. Chombo kitachukuaje maumivu ya mtu kimwache mwenyewe nje?”

Tusekile aliinama, akaipitisha kofia ya sufu chini ya pazia kwa ncha za vidole. “Mwambie hii nimepewa nimvalishe usingizini. Ina kinasa ndani. Naiweka hapo chini, aifanye atakavyo. Lakini anijibu swali moja. Alimwambia daktari kichwa kinampiga akiwa amesimama uani. Amesimama anafanya nini?”

Mwaijande alikohoa. Kutoka mwanzo wa wodi kikaanza kusikika kijiwimbo cha kengele. Lilikuwa toroli la dawa, linalojisukuma lenyewe kitanda hadi kitanda, likimwita kila mgonjwa kwa jina.

“Baba Mwaijande, mwombe. Nitatoka, nimwite daktari, amwambie yeye.”

“Mwambie,” sauti nyembamba ilisema, na sasa ilikuwa na mtetemeko, “kulisema siwezi. Si kwake, wala kwa mwanangu, wala kwa daktari mwenye umri wa mwanangu. Nililelewa hivyo. Muulize: nikivaa hiki kidude, nitalazimika kusema chochote?”

“Hapana.”

“Na yeye atalazimika kulisema? Mbele yangu, au mbele ya watu?”

Tusekile alifikiri kabla ya kujibu, kwa kuwa hakutaka kuwa mtu wa pili kumdanganya. “Daktari nitamwambia pa kutazama tu. Mengine nitakaa nayo.”

Kengele ilikaribia. Kisha pindo la pazia likatikisika kidogo, na kofia ikanyakuliwa kutoka sakafuni.

“Basi aende akakae kwenye kiti chake,” mzee alisema.

Tusekile alikimbia. Mlangoni aligeuka mara moja tu, akamwona Mzee Mwaijande ametoka na kiti chake, amekiweka katikati ya njia mbele ya toroli, na amekaa juu yake akitoa kikopo cha ugoro. Toroli lilisimama likaimba. Likarudi nyuma, likaja tena, likaimba. Mzee alivuta ugoro wake wala hakulitazama.

*

Safari hii hakukuwa na vimulimuli. Hakukuwa na kitu chochote, halafu kukawa na kila kitu. Kichwa kilimpasuka Tusekile kutoka kisogoni hadi kwenye macho, moyo ukaruka kama wa mtu anayekimbizwa na mbwa, viganja vikalowa. Alisikia mtu akipiga kelele, akatambua ni yeye.

Na chini yake, machicha.

Amesimama nyuma ya mlango wa chumba, gizagiza la asubuhi, mkono kwenye komeo. Kibofu kimejaa mpaka kinauma. Nje kuna sauti ya mwanamke jikoni, anaimba wimbo wa kuchambua maharage, haendi popote. Kungoja. Kubadilisha mguu. Wimbo unaanza upya. Kungoja tena, kwa aibu na subira, kwa sababu mtu mwenye heshima hawezi kupita pale akaonekana anakwenda wapi. Hatimaye wimbo unakoma, nyayo zinaondoka, komeo linafunguliwa, hatua za haraka, mlango wa choo, ahueni. Na nyundo inashuka.

Tusekile alivua kofia akiwa analia, na si maumivu yaliyomliza. Tangu ahamie pale, kila asubuhi, alikuwa anakaa jikoni kwa muda mrefu kuliko alivyohitaji ili mzee asikutane naye uani. Na mzee alikuwa anakaa ndani kwa muda mrefu kuliko mwili wake ulivyoweza ili asikutane naye. Wote wawili waliheshimiana mpaka mmoja akawa anakufa.

Dkt. Kapufi alikuwa mlangoni.

“Kibofu,” Tusekile alimwambia. “Mpigeni picha kibofu cha mkojo. Na kile kidonge kisimguse.”

Daktari alifungua mdomo kumwitikia kabla hajamaliza, kama kawaida yake, na mara hii hakupata neno. Alielewa. Upo uvimbe mdogo ambao kwa kawaida huota juu ya figo, ukamwaga ndani ya damu ile homoni ya mtu aliyeshtuka. Kwa watu wachache sana huota kwenye ukuta wa kibofu. Kibofu kikijaa kupita kiasi kisha kikajikamua, uvimbe unakamuliwa pamoja nacho, presha inaruka, na kichwa kinapasuka. Picha ya kichwa itakuwa safi daima, maana ugonjwa hauko kichwani.

Waliuona jioni ile, mdogo kama harage.

*

Kesho yake, mzee alipokuwa ameanzishiwa dawa sahihi na presha imeshikwa, akisubiri kupelekwa kwa wapasuaji, Tusekile alirudi kwenye pazia la kijani. Dkt. Kapufi alikuwa amempita kwenye ukumbi bila kumsalimia. Mkurugenzi alikuwa ametuma ujumbe kwamba anamhitaji ofisini, na asizungumze na mtu. Alikuja kumsalimia baba mkwe wake kwanza, wakati bado ana ruhusa ya kuingia wodini.

“Mzee anasema ndaga, asante sana,” Mzee Mwaijande alisema kutoka ndani. “Na anasema jiko lisihamishwe. Ambokile atamtobolea mlango wa nyuma. Wewe imba.”

Tusekile alicheka akijifuta pua. Hakuwa amemwambia mtu kwamba anataka kulihamisha jiko. Alidhani mzee amekisia tu.

“Kuna lingine,” Mwaijande alisema, na sauti yake haikuwa ya utani tena. “Anasema jana, ulipokuwa umevaa ile kofia yako, kichwa chake kilipotulia kulibaki kitu ambacho si chake. Nyuma ya sikio la kulia, kwa ndani. Kinachoma kama sindano. Anasema kina hofu ya mtu anayeficha.”

Mkono wa Tusekile ulikuwa umeshapanda sikioni bila yeye kuutuma.

“Mwambie… mwambie labda ni ile dawa.”

“Mwanangu,” Mwaijande alisema taratibu, “jana asubuhi nilipokaa kwenye kiti kwa niaba yake, nami nilichomwa hapohapo. Nikasema huo uzee. Jana usiku tumesimuliana. Wazee wawili, sindano moja, mahali pamoja.”

Njia ile haikuwahi kwenda upande mmoja tu. Tusekile aliwafikiria wote waliokaa upande wa pili wa ukuta wake, na kila walichoondoka nacho bila kuambiwa. Alimfikiria Gwamaka, aliyepumzishwa bila maelezo. Labda mgonjwa mmoja alilalamika juu ya maumivu yasiyo yake, na mtu akaelewa haraka ni ya nani, akaona ni nafuu kumwondoa kuliko kumtibu. Kisha alimfikiria mkurugenzi anayemsubiri ofisini.

“Mzee anauliza,” Mwaijande aliendelea. “Wewe unaonjwa na nani?”

“Mwambie hakuna. Nimebaki peke yangu.”

Ndani ya pazia wazee walinong’onezana. Kitanda kililia. Halafu kitu kikasukumwa chini ya pindo la pazia, taratibu, kwa ncha za vidole vyenye mikunjo: ile kofia ya sufu ya kijivu, imekunjwa vizuri.

“Anasema uivae wewe. Kwenye kile kiti chako atakaa yeye. Na daktari ataambiwa pa kutazama tu, mengine atakaa nayo.”

Tusekile aliinama akaiokota. Ilikuwa bado na joto. Aligeuza uso ukutani kama inavyompasa, akaivaa, akaivuta mpaka ikafunika masikio yote mawili.